Kuta Zangu na Plafon ya Libuyu

Miaka ile ya vita, watu wa Butembo walikuwa na akili moja: jenga, lakini usimalize. Piga matofali ya kuchoma, weka manjanja, yaani mabati, juu, funga milango na makufuli, kisha acha ndani uchi. Ukuta ubaki mwekundu, udongo uchungulie kati ya tofali na tofali, na ukiinua macho uone miti ya paa na misumari yake. Sababu kila mtu aliijua. Askari wakiingia mjini, mkubwa wao hatafuti nyumba kubwa. Anatafuta nyumba yenye plafon, dari ya ndani. Anachungulia dirishani, akiona juu kumefunikwa vizuri, anatuma watu walete godoro lake, na mwenye nyumba anaenda kulala kwa ndugu.

Nimewaona matajiri, watu wenye kamio tatu za mizigo, wanalala chini ya bati tupu kama mbuzi. Waliita hiyo akili. Mimi niliita woga, na mpaka leo sijabadilisha neno.

Mimi nilikuwa mjane tayari. Nilizaliwa upande wa Kayna, katika viazi na maharage, nikasoma kwa misioni mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Kusoma kwenyewe nilikumalizia kwenye katekisimu. Vingine vyote nilivipata kwa kubeba: mafuta ya mawese kutoka Beni, kamba kwenye paji la uso, mtungi mgongoni. Baadaye juu ya baiskeli. Baadaye juu ya kamio za watu, mpaka nikawa na duka langu la chumvi na vikwembe, vitenge vya wanawake. Parsele, kiwanja chenyewe, niliinunua mwenyewe, na nyumba niliijenga mwenyewe, vyumba vinne na salon ya kupokea wageni, kwenye mteremko ambapo upepo hauna huruma. Vita ya pili ilipoanza, manjanja yalikuwa yameshakaa juu. Ndani palikuwa uchi kama kwa wengine.

Chini kidogo, katika parsele ileile, kulikuwa na nyumba yetu ya zamani ya udongo. Humo niliishi na mama yangu mzazi. Mama alikuwa anakohoa. Asiyejua baridi ya Butembo aje alale kwetu mwezi wa saba. Chini ya bati lisilo na plafon, pumzi za watu zinapanda, zinagusa bati baridi, zinarudi kama maji. Kila asubuhi nilikuta blanketi ya mama imelowa kwenye mabega. Yeye alikuwa ameshaamka zamani, analala chali, anahesabu misumari ya paa.

"Leo iko ngapi, mama?"

"Kama ya jana. Hakuna mwenye aliiba."

Basi nikaamua. Nitaimaliza nyumba, ndani yote, kuta na juu, na mama yangu atalala humo mkavu. Nani angelala humo, sisi au komanda? Hiyo ndiyo ilikuwa vita yangu. Ile nyingine sikuielewa na hakuna aliyenieleza vizuri.

Sasa watu wakasikia mjane anataka kumaliza nyumba, kila mmoja akaja na ushauri wa rangi. Mimi kuta nazijua. Nilipokuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi nilipelekwa kwa shangazi yangu aliyeishi Mabalako, na kule kulikuwa na muzungu mwenye shamba la kahawa. Kazi yangu kwake ilikuwa kuosha kuta. Bibi yake alitaka kila ukuta mweupe kutoka juu mpaka chini. Watoto walipitisha vidole, mbwa alijikuna, matope ya veranda yaliruka, na mimi nilipiga magoti na kitambaa na sabuni. Miaka mitatu. Kwa hiyo naweza kukuambia: ukuta mweupe mpaka chini ni ukuta wa mtu mwenye mtumishi. Chokaa ukiiegemea, inakufuata kwenye koti. Rangi ya maji, ukiisugua mara ya kumi, inatoka na kitambaa. Rangi ya mafuta peke yake ndiyo inavumilia sabuni.

Na nikiwa pale chini kwenye magoti, niliinua macho. Juu kulikuwa na mbao zilizopangwa, kila moja imeingia mdomoni mwa mwenzake, huoni msumari hata mmoja. Nzi alitembea juu yake kichwa chini na mimi nilimwonea wivu.

Masoni wangu, fundi wa kuta, alikuwa mzee wa kazi, mtu wa kanisa la Waprotestanti, asiyekunywa pombe ya kasiksi na asiyependa haraka. Aliingia, akagonga kuta na kifundo cha kidole, akasema:

"Mama, hapa tupake udongo mweupe tu. Miaka hii inatosha."

"Udongo mweupe nilipaka kwa nyumba ya baba yangu, na mikono yangu. Ningetaka udongo, singekuita."

"Donc, simenti."

"Simenti. Kuta yote. Laini."

"Laini namna gani?"

"Nikipitisha kikwembe cha hariri, kisinase."

Akacheka. "Weye uko na hariri, mama?"

"Nitanunua moja juu ya kupima kazi yako."

Tukapanga hivi: chini, rangi ya mafuta, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Juu, chokaa nyeupe, ili nyumba isiwe pango. Masoni akataka kuweka mstari kwenye kiuno, kama ofisi zote za serikali. Nikamkatalia. Nikasimama ukutani, nikamwambia apige alama kwenye bega langu.

"Mais, mama, hakuna mwenye anafanyaka hivyo. Rangi ya mafuta iko bei."

"Batu banaegemea na mabega, habaegemei na kiuno. Piga alama."

Akapiga alama. Chokaa ikaanzia pale ambapo hakuna koti linalofika.

Plafon ndiyo ilileta maneno. Shemeki yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa mtu mzuri, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, na alikuwa na nyumba yake nzuri ambayo ndani yake palikuwa uchi. Akaja, akakaa juu ya mfuko wa simenti, akavua kofia.

"Muke wa ndugu yangu, kuta sawa. Kuta, mutu hapana ona kwa mbali. Lakini plafon acha."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sema weye mwenyewe, shemeki. Nataka nisikie."

Akazungusha kofia. "Basi fanya plafon ya matete. Askari hatamani matete."

"Na panya?"

"Ya mifuko ya unga, basi. Unashona, unapaka chokaa."

"Nilale chini ya mifuko ya unga na niko na nyumba ya matofali?"

Tripleksi, zile mbao nyembamba za kugandishwa, sikuitaka pia. Ilikuwa inapita mpaka kutoka Uganda, nyepesi, nzuri kwa siku ya kwanza. Nimeona tripleksi ya jirani mmoja: maji ya bati yaliidondokea mvua mbili tu, ikavimba tumbo na kuota madoa ya manjano kama kitanda cha mtoto. Eukaliptusi tunayo Butembo kila kilima, lakini ule ni mti wa kubeba paa. Ukiupanga kuwa plafon, unajipinda unapokauka, na baada ya mwaka unalala unaangaliana na nyota kupitia nyufa.

Nikataka libuyu. Mti wa msituni, mwekundu kidogo, haunywi maji haraka, na fundi akiupaka vernisi unang'aa wenyewe bila rangi. Shemeki akavaa kofia yake.

"Libuyu iko Beni," alisema. "Na kati ya hapa na Beni kuko barière ya askari."

"Najua njia ya Beni. Niliipita na mafuta mgongoni weye ukiwa kwa shule."

Nikaenda. Bungulu, pale Beni, kulikuwa na mtu anayeuza mbao zilizokatwa upande wa Mabalako. Alitaka kunipa zile za mbele, mbichi, bado zinatoa jasho. Mbao mbichi ukiigonga inasema bu. Iliyokauka inasema ka. Niligonga moja moja, yeye akisimama pembeni na kukunja mikono, na zilizosema bu nikazilaza upande wake.

"Mama, unazikataa kama unachagua bwana."

"Bwana nilichagua mara moja, na sikukosea. Geuza ile."

Tukapakia kwenye kamio. Dereva alikuwa kijana wa Butembo aliyeijua njia na wenye njia. Kabla ya kuwasha gari akaniinamia.

"Mama, kwa barière bakiuliza, sema ni mbao ya sanduku ya maiti. Bote banasemaka vile. Sanduku, habaigusi. Banaogopa."

Ni kweli, wote walisema hivyo. Milango, meza, vitanda vya harusi, vyote miaka ile vilipita kwenye njia ya Beni vikiitwa sanduku la maiti. Mimi nilikuwa na mama nyumbani anakohoa. Kwetu, mtu ambaye bado anakula hatajiwi sanduku. Hata fundi wa masanduku hapimi mbao karibu na mlango wa mgonjwa. Na mbao hizi zilikuwa zinaenda kukaa juu ya kichwa chake. Nilimwambia dereva sitasema.

"Basi nitasema miye."

"Ukisema, nashuka hapa na mbao zangu."

Barière ilikuwa mti mmoja wa mwanzi uliowekwa juu ya mapipa mawili. Askari akapanda tairi, akaangalia mzigo.

"Mbao ya nini?"

Dereva akafungua mdomo: "Ya san—"

"Ya plafon," nilisema.

"Plafon ya nani?"

"Yangu."

Akawaita wenzake. Wakaja watatu, wanacheka kabla ya kusikia kitu. "Mama huyu, ndani ya vita hii, anaenda kuweka plafon!"

"Vita iko yenu," nikawaambia. "Plafon iko yangu."

Wakapiga makofi kabisa. Mmoja akauliza nyumba iko wapi, na mimi, na kiburi changu, nikamwelekeza: Butembo, ukipanda kwa mlima, ile yenye matofali mazuri. Walituachilia bila kuchukua kitu zaidi ya ndizi za dereva. Nilijiona mshindi. Tulienda mwendo mrefu. Halafu dereva akasema, macho kwenye njia:

"Mama, umealika bageni."

Na alikuwa na haki. Fundi wa mbao alikuwa amemaliza chumba kimoja na nusu ya salon, na masoni alikuwa ametoka kupitisha simenti ya mwisho, wakati komanda alipokuja. Alikuja mchana, kwa miguu, na askari wawili, kama mtu anayetembelea shamba lake. Mtu wa mbali, wa Kilingala, mwili mkubwa, sauti ya chini. Akasimama katikati ya salon na kuinua uso.

"Mama, ndako kitoko," alisema. Nyumba nzuri. Akapitisha kiganja ukutani, kwenye simenti mbichi, polepole. Nikaona vidole vyake vinakubali kazi ya masoni. "Ni weye mama wa plafon? Bana yangu ya barière balinielezea."

"Ni miye."

"Maliza mbio. Nitakuya na bintu byangu."

Akatoka. Hakutisha, hakupiga kelele. Alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha.

Jioni hiyohiyo parsele yangu ilijaa washauri. Shemeki alikuwa wa kwanza. "Ngoa mbao yote leo. Ficha kwa shamba ya ndizi. Akirudi akute juu uchi, atapita." Jirani wa upande wa chini akasema niharibu simenti kidogo na shoka. Mwingine akasema nimpe komanda nyumba kwa roho nzuri, labda atailinda. Fundi wa mbao alikuwa bado juu ya jukwaa lake, nyundo imelala kwenye mapaja, ananiangalia. Alikuwa anangoja tu ajue kama anashuka au anabaki.

"Endelea," nikamwambia.

"Mama?"

"Piga. Na wiki hii tunahama."

Masoni akashika kichwa. "Kuhamia wapi? Ukuta bado unakunywa maji! Butembo hii, na ukungu hii, ngoja miezi miwili ndipo upake mafuta."

"Komanda hatangoja miezi miwili."

"Rangi itafura."

"Ifure."

Hapo nilikosea, na sifichi. Ningeweza kuhamia bila rangi. Lakini nilitaka komanda akirudi akute nyumba imekwisha na mimi niko ndani yake, si nyumba inayomngoja. Tulipaka rangi ya kahawa juu ya ukuta mbichi, siku mbili, masoni akinung'unika zaburi. Wiki ya pili ukuta ukaota malengelenge. Ukilitoboa moja na kidole, maji yanatoka. Mpaka leo salon yangu, upande wa kaskazini, ina makovu yaliyopakwa mara tatu. Mgeni akiuliza, namwambia ni haraka yangu ile, na ninamwonyesha zote.

Siku ya kuhama nilifanya kitu kingine ambacho shemeki hakunisamehe kwa muda mrefu. Niliwaambia wafanyakazi wapande nyumba ya zamani na kung'oa manjanja yote. Yote. Jua likaingia kwenye jiko la mama, mahali ambapo halijawahi kuingia. Shemeki akasimama chini na mikono kichwani.

"Sasa ukifukuzwa utarudia wapi?"

"Ndiyo sababu."

Kwetu nyumba mpya inaingiwa na moto kwanza, na anayeuleta ni mzee wa kike. Mama aliubeba mwenyewe, makaa matatu kwenye babula, jiko letu dogo, akisimama kila hatua kukohoa, na hakutaka mtu amshike. Akaiweka katikati ya salon. Tukampangia kitanda palepale, karibu na joto, kwa sababu kuta za vyumba zilikuwa bado mbichi zaidi. Akalala chali, akaangalia juu muda mrefu.

"Misumari iko wapi?"

"Iko ndani, mama. Hapana onekana."

"Sasa nitahesabu nini?"

Komanda alirudi na pikapu. Godoro, viti viwili, redio, sanduku la bati, askari sita. Majirani wakasimama barabarani kwa mbali, kama watu wanaoangalia ng'ombe akichinjwa. Nilikuwa mlangoni na aproni ya kupikia.

"Mama, nilisema nini?"

"Ulisema nimalize mbio. Nimemaliza."

"Donc, ondoka."

"Niende wapi?"

"Kule ulikuwa."

"Nenda uangalie kule nilikuwa."

Akatuma askari mmoja. Akarudi, akasema kwa Kilingala kwamba ile nyumba haina paa. Komanda akaniangalia vizuri mara ya kwanza.

"Nani alitoa paa?"

"Miye."

Akanisukuma kando, si kwa nguvu, akaingia. Akakutana na kitanda. Mama yangu alikuwa ameketi, blanketi mpaka kidevuni.

"Ni nani?" mama akaniuliza.

"Ni komanda. Anataka nyumba."

"Mwambie afunge mulango. Baridi inaingia."

Askari mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Nikamwambia komanda neno langu lote: "Huyu ndiye alinizaa. Iko na kifua. Ukitaka kumutoa, mutoe weye mwenyewe, na mikono yako. Si batoto hawa. Umubebe, umulaze inje kwa majani, kisha urudi ulale fasi yake. Miye sitoke. Utanitoa nyuma yake."

Aliangalia askari. Askari waliangalia sakafu. Sikujua atafanya nini. Nilishika ukuta na rangi mbichi ikanibaki mkononi. Akaangalia tena juu, ile plafon. Akatoa pumzi puani.

"Vyumba viko ngapi?"

"Vinne. Chukua cha kando ya barabara."

"Nitachukua viwili."

"Chukua viwili. Mulango ufunge."

Watu walisema baadaye kwamba nilishindwa nusu. Shemeki alisema nimejipa mume kwa nguvu, na akaacha kunisalimia wiki mbili. Wale waliosema walikuwa wanarudi kulala chini ya bati. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba yangu, ufunguo kiunoni, na mwanamume mwenye bastola alikuwa anapita salon yangu akinisalimia asubuhi: "Mbote, mama." Namjibu: "Viatu." Anarudi kuvifuta.

Tuliishi hivyo kutoka mvua moja mpaka nyingine. Kulikuwa na siku mbaya. Walileta babula ndani ya chumba bila kufungua dirisha, chokaa ya juu ikawa na moshi. Walikula maharage yangu. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa wa misumari. Siku moja nikaingia kwenye chumba chao kufagia, nikakuta wamegonga misumari kumi na moja kwenye ukuta, ile simenti laini ya hariri, ili watundike bunduki na makoti. Kila msumari ulikuwa umepasua mstari kama mguu wa buibui. Nilichukua koleo ya fundi. Nikang'oa yote, bunduki nikazilaza kitandani kwa heshima, mdomo ukiangalia dirisha, na misumari nikaiweka kwenye kikombe mezani kwa komanda.

Alikuja na kikombe mkononi.

"Mama, unanyang'anya jeshi?"

"Misumari iko yenu, njo hiyo, hesabu. Ukuta iko wangu."

"Weye hauogopaka?"

"Naogopa sana. Naogopa simenti itapasuka mpaka juu."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Siku iliyofuata askari wake walikata mti wa eukaliptusi, wakautengenezea miguu, na bunduki zikapata pa kusimama. Mara moja nilipita mlango wake wazi, mchana, nikamkuta amelala chali, mikono chini ya kichwa, anaangalia mbao. Sikumuuliza. Nilijua anaangalia nini.

Mama hakulowa tena mabega. Kikohozi hakikuisha, kilipungua. Alimwita komanda "mupangaji".

Walipoondoka, waliondoka kwa siku moja, amri imekuja, waende upande wa Beni. Komanda alikuwa ametangulia. Wa nyuma, wale wa kufunga vitu, wakaanza kung'oa plafon ya chumba chao na kisu cha bunduki, wapate mbao za kuketia kwenye gari. Nilisikia libuyu inalia. Nilikimbia, nikapiga kelele, nikamshika mmoja mguu. Wakachukua mbao sita. Sita, na wakaacha tundu ambalo paka angepita. Nililia siku hiyo, kwa mbao, na sioni haya.

Shemeki akaja. Tulikuwa tumeshapatana. Akasimama chini ya lile tundu na kutikisa kichwa, na nikaona kitu kinampendeza.

"Sasa Mungu amekusaidia," alisema. "Acha hivyo hivyo. Tundu, moshi, ukuta chafu. Mwingine akichungulia, atapita."

"Shemeki, kunywa chai yako."

Nilituma Bungulu kwa mbao sita. Zilikuja nyekundu zaidi ya zile za kwanza, zinaonekana mpaka leo. Masoni akaziba matundu ya misumari. Rangi ya chini niliiosha mwenyewe, kwa sabuni na kitambaa, siku tatu. Mtu akinisaidia kuosha ukuta ananikasirisha, hajui pa kuanzia. Unaanza chini, unapanda, la sivyo maji machafu yanaacha machozi.

Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa bega ambapo chokaa inaanza, niliposikia gari. Kundi lingine, kofia nyingine. Mtu mwembamba mwenye miwani alisimama kwenye mlango wazi, akachungulia juu, akaona alichotaka kuona. Nyuma yake kulikuwa na godoro.

"Mwenye nyumba iko wapi?"

Sikuweka kitambaa chini. "Uko unamuangalia."

"Bwana yako iko wapi?"

"Kwa makaburi. Ukiwa na neno yake, peleka kule. Ukiwa na neno ya nyumba, sema hapa."

Mama akauliza kutoka kitandani kama mupangaji amerudi. Nikamwambia hapana, huyu ni mwingine, na bado hatujapatana. Yule mwenye miwani akaangalia kitanda, akaniangalia mimi na kitambaa kinachodondosha maji, akaangalia viatu vyake vyenye matope. Wenzake walikuwa wanamngoja barabarani, na jirani zangu pia, wote, safari hii karibu kidogo.

"Nitarudi," alisema.

"Rudi mchana," nikamwambia. "Na ugonge."

Nikageukia ukuta. Upande ule ulikuwa bado na alama ya kichwa cha askari mmoja wa komanda aliyezoea kuketi pale.